Orijino Iko Cairo, Nakala Ije Bariadi

Neno kibao lina kazi nyingi. Kuna kibao cha barabarani, kuna kibao cha shavuni, kuna kibao kipya cha Bongo Fleva, na watu wa pwani wana kibao cha mbuzi cha kukunia nazi. Leo nazungumzia kibao kingine: jiwe bapa ambalo Wamisri wa kale walilitumia kusagia wanja. Walichukua jiwe la kijani lenye shaba ndani yake, au lile jeusi lenye risasi, wakalisaga juu ya kibao mpaka likawa unga, wakachanganya na mafuta, wakapaka machoni. Lilikuwa pambo, na inaaminika pia lilipunguza makali ya jua. Yeyote aliyemwona bibi akimchora mtoto mchanga nyusi kwa wanja hahitaji mkalimani hapo.

Vibao vya kawaida vilichongwa kwa umbo la samaki, kobe au kiboko, na mwenye nacho alipokufa alizikwa nacho. Jiwe lake, la rangi ya kijivu inayoelekea ukijani, lilitoka jangwani, Wadi Hammamat, upande wa mashariki wa mto Nile. Baadaye vikaja vibao vikubwa vyenye picha za kuchongwa: vita, mawindo, wanyama. Kilicho maarufu kuliko vyote ni kibao cha mtawala aitwaye Narmer, cha mwaka 3100 hivi kabla ya Kristo. Nakala zake zimetapakaa duniani. Toronto ipo, London ipo. Swali langu ni dogo tu: kwa nini Bariadi isiwepo?

Najua wapo watakaocheka. Mkoa wetu wa Simiyu, uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, bado unahangaika na maji, madawati na bei ya pamba, halafu mtu anakuja na habari za plasta ya Misri. Wengine watasema nakala ni feki, na feki tumeshauziwa za kutosha, kuanzia simu hadi mbegu. Hoja zote mbili nitazijibu. Lakini hebu kwanza tulisome hilo jiwe.

Waingereza wawili, James Quibell na Frederick Green, walilifukua katika msimu wa 1897 na 1898 kwenye magofu ya hekalu la mungu Horus huko Nekhen, mji wa Misri ya Juu ambao Wagiriki waliuita Hierakonpolis. Upande mmoja mtawala amesimama, mrefu kuliko wote, kavaa taji jeupe la Misri ya Juu. Mkono mmoja umeinua rungu, mwingine umeshika nywele za mtu aliyepigishwa magoti. Kiunoni kwake unaning'inia mkia wa fahali. Nyuma yake yupo mtumishi, kachorwa mdogo, kambebea makubazi. Mbele yake kipanga katua juu ya mafunjo, kashika kamba iliyofungwa kwenye kichwa cha mtu. Chini kabisa watu wawili wako uchi, ama wanakimbia ama wameshaanguka.

Geuza. Upande wa pili mtawala ni yuleyule, ila sasa kavaa taji jekundu la Misri ya Chini. Anakwenda kukagua maiti kumi zilizolazwa kwa safu mbili, kila maiti kichwa chake kimekatwa na kuwekwa katikati ya miguu. Chini ya hapo wapo wanyama wawili wa ajabu, wenye miili kama ya chui na shingo ndefu kama nyoka. Shingo hizo zimepitana na kuzunguka kishimo cha duara, ambapo ndipo wanja ungesagwa. Chini zaidi, fahali anabomoa ukuta wa mji kwa pembe huku kamkanyaga mtu. Na juu kabisa, pande zote mbili, kuna vichwa viwili vyenye uso wa binadamu, masikio ya ng'ombe na pembe za ng'ombe. Katikati yao limeandikwa jina: picha ya kambare, na chini yake patasi. Kambare ni sauti *nar*, patasi ni *mer*. Narmer.

Mtu wa Usukumani akiambiwa hayo hahitaji maelezo marefu. Fahali, kambare, mafunjo, rungu: vyote anavijua kwa majina na kwa harufu. Hata mtawala anayetambulika kwa alama anayovaa si jambo geni, maana mtemi alijulikana kwa kibangwa, kile kisahani cheupe cha gamba la konokono wa baharini.

Sasa hapo ndipo wengi tunapoteleza. Mtu anaona pembe za ng'ombe, anarukia hitimisho: basi Wasukuma walitoka Misri! Nimelisikia mara nyingi, kwenye vijiwe na hata kwa watu waliosoma. Nia yake naielewa. Kwa miaka mingi Wazungu waliiandika Misri kana kwamba haiko Afrika, mpaka wasomi kama Cheikh Anta Diop wa Senegali wakasimama kupinga, na mwaka 1974 hoja yake ikajadiliwa mbele ya wataalamu wa dunia huko Cairo, katika kongamano la UNESCO. Lakini Misri kuwa Afrika ni jambo moja, na Wasukuma kuwa wajukuu wa Narmer ni jambo jingine kabisa. Hatuhitaji kuwa wajukuu wake ili tuwe na haki ya kumsoma. Kinachotuunganisha naye kwa uhakika ni maji: mto Simiyu unamwaga kwenye Ziwa Victoria, katika Ghuba ya Speke, na ziwa linamwaga Nile. Stanley alipopita huku mwaka 1875 aliuandika "Shimeeyu" na kuuhesabu miongoni mwa vyanzo vya Nile. Huo ni ujirani, wala haudai ukoo.

Nirudi kwenye nakala. Mimi hufundisha Historia, na picha ya kibao hiki niliyokuwa nayo ilikuwa na ukubwa wa kiganja, tena ya upande mmoja. Kijana mmoja aliuliza, "Mwalimu, samahani, hiki kitu ni kikubwa kama nini?" Vipimo nilikuwa navyo: urefu sentimita 64, upana sentimita 42. Tukakata boksi la katoni kwa rula, tukalisimamisha mezani. Darasa likanyamaza kidogo. Walidhani ni kitu cha ukubwa wa simu. Kisha msichana mmoja wa nyuma akasema, "Sasa hiki nani atakibeba aende nacho kusagia wanja?"

Jamani, hiyo ndiyo hoja ya wataalamu! Wengi wao wanaona kibao hiki hakikuwa cha matumizi ya nyumbani. Kilikuwa cha hekaluni, cha sherehe na heshima, kilichobeba umbo la kifaa cha kawaida kikakuzwa mpaka kikawa tangazo la utawala. Yule binti alifika hapo kwa kuangalia boksi la katoni. Picha ya kitabuni ingekaa naye mwaka mzima bila kumfikisha.

Baadaye tulijaribu udongo. Ule mweusi wa mbuga tuliuacha mapema, maana ukikauka unapasuka kama nyayo za mchunga ng'ombe. Tukatumia wa kichuguu. Kwa kuwa udongo una pande mbili, ikabidi tutafute picha ya upande wa pili, na hapo ndipo wengi walipogundua kwamba mtawala mmoja amevaa mataji mawili. Wanafunzi walioandika kwenye daftari sentensi ya kwamba Narmer aliunganisha Misri ya Juu na Misri ya Chini sasa waliiona sentensi hiyo ikiwa imechongwa. Na swali likatokea ambalo kitabu hakikuliuliza: "Huyu aliyeshikwa nywele, yeye aliitwa nani?" Karibu na kichwa chake kuna alama mbili, na wasomi hawajakubaliana kama ni jina lake au la mahali alikotoka. Tukakaa hapo karibu kipindi kizima. Kibao kilichongwa na mshindi. Wanafunzi wangu, wakiwa na udongo vidoleni, walimuulizia aliyeshindwa.

Ndiyo maana sikubali neno feki kwa kila nakala. Feki ni kitu kinachojifanya kingine. Nakala ya makumbusho, ikiwa ya haki, inasema waziwazi: mimi ni nakala, mwenyewe yuko mahali fulani. Tofauti yake na feki ni kama tofauti ya fotokopi ya cheti iliyogongwa muhuri wa mwanasheria na cheti cha kughushi. Karatasi zote mbili zinafanana. Moja inakupeleka ofisini, nyingine inakupeleka polisi.

Ulaya wenyewe waliliheshimu jambo hili mapema. Mwaka 1867, kwenye maonyesho makubwa ya Paris, wana wa wafalme wa nchi mbalimbali za Ulaya walitia saini makubaliano ya kubadilishana nakala za kazi za sanaa, ili makumbusho ya kila nchi yapate kuonyesha kilicho kwa wenzao. Fundi alitengeneza kalibu juu ya kitu chenyewe, akamimina plasta (ndugu yake hii jipsamu ya dari zetu), ikaganda, akaitoa. Siku hizi kalibu hutengenezwa kwa mpira wa silikoni, au haguswi mtu wala jiwe: kompyuta inakusanya mamia ya picha, mashine inachapa umbo.

Na kuna mahali ambapo nakala inafanya kazi ambayo orijino peke yake imeshindwa. Vibao vingine vya Misri vilivunjika, na vipande vikauzwa huku na huku. Kibao cha Wawindaji kina vipande viwili London, kwenye British Museum, na kimoja Paris, Louvre. Kibao cha Uwanja wa Vita kimegawanyika: sehemu iko London, sehemu iko Oxford kwenye Ashmolean. Hakuna anayetaka kumwachia mwenzake. Kwa hiyo London wanaweka kipande chao halisi, na pengo wanalijaza kwa plasta ya kipande cha mwenzao. Simba aliyekatwa vipande na biashara anaungwa na kopi. Nikisikia mtu anadharau plasta namkumbusha hilo: makumbusho tajiri kabisa duniani yanaishi na plasta na hayaoni haya.

Hapo nimejibu hoja ya feki. Lakini ipo hoja nzito zaidi, ambayo wanaodharau nakala hawaisemi na wanaozisifu wanaikwepa: nani amebaki na orijino?

Kibao cha Narmer kina bahati. Utaratibu wa enzi zile ulikuwa kugawana: Misri inachukua sehemu yake, wachimbaji na wafadhili wao wanaondoka na sehemu yao. Kutoka shimo lilelile la Nekhen, kichwa cha rungu la Narmer kilikwenda Oxford. Kichwa cha rungu la mtawala mwingine, anayeitwa Nge, nacho kikaenda Oxford, pamoja na kibao kidogo chenye mbwa wawili. Kibao kikubwa kikabaki Cairo. Kwa hiyo mwelekeo wake ni huu: orijino nyumbani, kopi ugenini. Mtu wa Toronto anayetaka kuliona jiwe lenyewe, inabidi apande ndege aende Misri, alipe kiingilio kwa Mmisri. Hapo nakala ni balozi.

Sasa tazama mwelekeo wa pili. Mwaka 1921 wachimba madini wa Broken Hill, ambayo leo ni Kabwe nchini Zambia, waliibua fuvu la binadamu wa kale sana. Lilipelekwa London na bado liko London. Wazambia wamelidai kwa miaka mingi. Mtoto wa Zambia akienda makumbusho ya nchi yake anaonyeshwa nakala. Plasta ni ileile na ufundi ni uleule, lakini maana imegeuka. Orijino ugenini, kopi nyumbani: hapo nakala ni risiti ya kitu ulichochukuliwa.

Sisi tunayo ya kwetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria huko Tendaguru, Lindi. Watu wetu waliibeba kichwani na mabegani mpaka bandarini, zaidi ya tani 200, ikasafirishwa Berlin. Yule mkubwa, mwenye urefu wa zaidi ya mita 13, amesimama huko tangu 1937. Kichekesho ni kwamba fuvu aliloinua huko juu ni nakala, lile halisi limewekwa pembeni. Yaani Wajerumani wanajua vizuri kabisa kwamba nakala inatosha kuonyesha umbo. Basi mbona likija suala la Lindi kupata mifupa halisi na Berlin kubaki na nakala, hoja hiyo haisikiki? Na si mifupa tu. Majirani zetu Wanyamwezi wana kiti cha enzi chenye mgongo mrefu, kazi ya mikono ya hali ya juu, kilichochukuliwa enzi za Wajerumani. Nacho kiko Berlin.

Kwa hiyo sisemi kila nakala ni baraka. Nasema nakala inajibu swali moja na kuliacha jingine. Inajibu swali la kitu: kilikuwaje, kikubwa kiasi gani, kilifanya nini. Haijibu swali la mwenyewe: ni cha nani, kilitokaje hapa, kwa nini hakirudi. Anayekupa nakala ili usome amekufaa. Anayekupa nakala ili unyamaze, huyo usimshukuru haraka.

Tanzania tumewahi kulifanya jambo hili vizuri, na mfano uko jirani sana na Simiyu. Ukivuka mpaka wa mkoa wetu upande wa mashariki, baada ya Meatu na pori la Maswa, unaingia Ngorongoro. Humo ndimo Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus, tarehe 17 Julai 1959, katika bonde la Olduvai, ambalo Wamaasai wanaliita Oldupai kwa jina la mkonge wa porini. Fuvu lina umri wa miaka milioni 1.75. Lilizungushwa kwa wataalamu, likachunguzwa, kisha mwaka 1965 likakabidhiwa kwa Tanzania, na makazi yake ni Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Jumba la makumbusho pale bondeni, jipya lililofunguliwa 2017, linaonyesha nakala. Na nakala nyingine zimesambaa kwenye vyuo na makumbusho ya dunia nzima. Orijino kwetu, kopi kwao. Kama Narmer.

Mfano wa Laetoli unakwenda mbali zaidi. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili kwenye majivu mabichi ya volkano, miaka milioni 3.66 iliyopita. Njia yao ina urefu wa mita 27 hivi. Huwezi kuing'oa ukaiweka kabatini. Ukiiacha wazi, mvua inaila, na mizizi ya migunga ilikuwa imeshaanza kuipasua. Kwa hiyo katika miaka ya 1995 na 1996 wahifadhi wetu pamoja na taasisi ya Getty ya Marekani waliisafisha, wakaifunika, wakaizika tena. Tunachokiona Olduvai ni kalibu ya nyayo hizo. Ndiyo kusema kitu chenyewe kiko hai kwa sababu tumekubali kuangalia nakala. Na mwaka 2016 Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walitangaza nyayo nyingine pale Laetoli, zilizoonekana wakati wa kuchimba mashimo ya majaribio kabla ya kujenga makumbusho. Walikuwa wanatafuta mahali pa kuweka nakala, wakapata orijino nyingine.

Sasa niambie: mtoto wa Itilima au Meatu, anayeishi upande wa pili wa pori hilo, lini ataliona fuvu la Zinjanthropus? Jina analijua. Analiandika kwenye mtihani bila kukosea herufi hata moja, na hiyo si kazi ndogo. Lakini fuvu liko Dar es Salaam, safari ya zaidi ya siku nzima kwa basi, na nauli yake ni gunia la mahindi. Narmer ndiyo kabisa. Hapo ndipo hoja ya madawati inapojibika. Plasta haishindani na dawati. Nakala moja ya plasta, ikitengenezwa kwa kalibu ambayo tayari ipo, haiwezi kuwa mzigo mkubwa kuliko vitu vingi tunavyonunua na kuvifungia stoo. Na dawati bila kitu cha kuangalia juu yake ni ubao wa kukalia tu.

Wapo wanaosema tuna Bujora. Ni kweli, na ninaipenda. Ukitoka Bariadi unakwenda Lamadi, unashika barabara ya Mwanza, unapita Magu, unafika Kisesa. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ndiye aliyeianzisha pamoja na Wasukuma waliojua mambo yao, na makumbusho yakafunguliwa 1968. Ukumbuke kwamba serikali ilikuwa imefuta utemi mwaka 1963. Ngoma na viti vilikuwa vimebaki bila kazi, na kitu kisicho na kazi ndani ya nyumba mwisho wake ni kuni au mnunuzi. Bujora ilivipa pa kukaa. Hata jengo la watemi pale limejengwa kwa umbo la kiti cha enzi, yaani nakala kubwa unayoweza kuingia ndani yake. Hakuna Msukuma anayeingia pale akalalamika kwamba kiti hicho ni cha saruji. Anaelewa kinamwambia nini.

Bujora hata hivyo ni moja, na Usukuma ni mkubwa. Ninachokiomba kwa Bariadi ni chumba kimoja, hata kwenye maktaba au shule, chenye nakala chache zilizochaguliwa kwa akili: fuvu la Zinjanthropus, kipande cha njia ya Laetoli, kibao cha Narmer. Ziwe na ukubwa wake halisi. Kibao kiwekwe kwenye stendi ya kuzunguka, mtu aone pande zote mbili. Pembeni pawe na karatasi ya Kiswahili chepesi inayosema mambo manne: hii ni nakala, imetengenezwa kwa kitu gani, orijino iko wapi, na orijino ilifikaje huko. Hilo la nne lisiachwe. Ndilo linaloifanya nakala iwe somo la historia badala ya pambo la ukutani. Na watoto waruhusiwe kugusa. Huo ndio utajiri pekee ambao nakala inao na orijino haina: Cairo kuna kioo, Bariadi kuwe na vidole.

Jambo la mwisho linatuhusu zaidi sisi kuliko Misri. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwenye nyumba za huku bado kuna viti vya mababu, ngoma, vibangwa, mawe ya kusagia mtama yaliyochimbika katikati kwa mikono ya wanawake wa vizazi vitano. Mawe hayo ni ndugu wa vibao vya wanja: jiwe la chini, jiwe la juu, unga katikati. Kama tunaweza kutengeneza nakala ya kitu cha Narmer, tunaweza kutengeneza nakala za hivi pia, kwa udongo, kwa mti, kwa picha za simu zilizopigwa kila upande na kuandikwa jina la mwenye nacho. Familia ibaki na orijino, shule ipate kopi. Siku mnunuzi akipita na noti zake, na mjukuu mwenye shida ya ada akauza, angalau pawe na ushahidi kwamba kitu kile kilikuwepo, kilikuwa hivi, na kilitoka kwenye nyumba hii. Wazambia wanaweza kulidai fuvu lao kwa sababu inajulikana lilitoka wapi na mwaka gani. Kiti kilichoondoka Itilima bila picha wala jina, hata kikionekana kesho kwenye kioo cha Berlin, utakidai kwa ushahidi gani?